Mufungo wa Sindano

Chwaa, chwaa, kisha kimya, kisha tena chwaa kidogo. Hiyo ndiyo sauti ya Katekista akikojoa juu ya majani makavu ya ndizi nyuma ya jikoni yetu. Kati ya nyumba yake na yetu kulikuwa na ua wa matete uliooza, na hakuona sababu ya kupanda mpaka kwenye choo chake wakati majani yetu yalikuwa karibu. Mimi niko napepeta maharagi, naimba, nawaza siku nitakayovaa kanzu nyeupe ya waganga wa hospitali na viatu visivyojua matope, na sauti ile inaanguka katikati ya ndoto yangu kama mtu amemwaga maji machafu kwenye unga. Mpaka leo mvua ikianza kugonga majani makavu, naacha kuimba kwanza, halafu ndipo nakumbuka kwamba ni mvua tu.

Ningependa kuandika juu yake kwa heshima, maana ni yeye aliyenifundisha kuandika. Baba alinitoa shuleni darasa la tano niende kulima, na Katekista akasema mutoto anayejua kusoma nusu ni kama nyumba yenye kuta bila paa, basi akanikalisha kila alasiri kwenye benchi ya kanisa na katekismu mkononi mpaka nikamaliza paa langu. Lakini nikianza na heshima nitadanganya. Kitu cha kwanza nilichojua juu yake ni kinyaa.

Alikuwa na kitambaa kimoja. Kilikuwa cha pua, kwa sababu alinusa tumbako tangu asubuhi na pua ilimtiririka rangi ya udongo. Kilikuwa pia cha jasho, na cha kufuta ubao. Na mtoto wa katekismu akiwa na kamasi, Katekista alimwita mbele, akamshika kisogo, akamfuta kwa kitambaa kile kile, taratibu, kwa upendo wote. Watoto walijifunza kuvuta kamasi ndani kabla hajageuka.

Na mtu huyo ndiye aliyekagua kucha zetu. "Mungu hawezi kuingia mahali pachafu," alisema, akipita kwenye mistari, kucha zake mwenyewe nyeusi kama za mtu anayechimba viazi. Hakuna aliyecheka. Alikuwa anaamini kabisa, na mtu anayeamini namna ile unaogopa kumwonyesha kioo.

Halafu kidole cha mguu. Kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda ambacho hakikupona. Alikifunga na kipande cha kitenge kilichokauka mpaka kikawa kigumu. Nzi walikijua. Akisimama kufundisha Amri za Mungu, nzi waliinuka kwenye kidole, wakazunguka darasa, wakatua kwenye midomo yetu, wakarudi kwake. Nilikuwa nafunga mdomo kwa nguvu na kujibu amri ya sita kwa pua.

Lakini mlevi akianguka kwenye mfereji wa barabara ya Mushaki, huyo huyo aliyemfukuza kanisani Jumapili, Katekista ndiye aliyekwenda kumvuta. Alimweka kwenye kitanda chake, yeye akalala chini. Mama yangu alisema, "Ule muzee ananuka, lakini mulango wake haufungwi." Sikujua niweke nini mbele, harufu ao mlango.

Jambo lake kubwa lilikuwa kufunga. Wengine walikuwa na ng'ombe, wengine walikuwa na watoto wengi. Yeye alikuwa na mufungo. Alitufundisha kwamba anayetaka komunyo asiguse kitu toka usiku, hata maji, hata mate yakizidi afadhali ateme. Na hakutosheka kufundisha. Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa, na sisi tukapanga mstari, na kila mmoja alipofika mbele yake alisema, "Fungua." Ukafungua mdomo. Akainama akanusa. Wewe ulisikia harufu ya tumbako na ya jino lake bovu ikikuingia mpaka kooni, na ukafikiri kama ni kutapika, utatapika nini, na wewe umefunga.

"Weye umekula kiazi."

"Hapana, Papa Katekista."

"Kiazi cha kuchoma. Rudi kwenu."

Na kweli mtoto alikuwa amekula kiazi cha kuchoma.

Basi siku moja Padri akatangaza kwamba Kanisa limebadilisha. Kufunga kabla ya komunyo sasa ni saa moja tu. Watu walishangilia kimya kimya, unajua vile watu wanashangilia kanisani, kwa kukohoa. Jumapili iliyofuata mama alitupikia bugali alfajiri, tukala tukicheka. Katekista alikasirika kama mtu aliyeibiwa shamba.

"Saa moja," alisema, akitema mate ya tumbako kando ya ngazi za kanisa. "Kutoka kwangu mpaka hospitali ya misioni iko saa moja ya miguu. Basi muntu anayetembea tu, amefunga. Ng'ombe anayepanda kilima, amefunga."

"Papa Katekista, njo ivyo Kanisa limesema," Padri alimwambia.

"Nimesikia, Padri. Nitafundisha ivyo. Lakini mie mwenyewe nitaendelea na ya zamani. Mungu hakuniambia amepunguza."

Na akaendelea. Toka Jumamosi jioni hakuna kitu kilichopita kinywani mwake mpaka komunyo ya Jumapili, ambayo kwetu ilikuwa karibu na jua la utosi, maana Padri alianza misa vilima vingine kwanza.

Ugonjwa ulimwingia polepole, na kama mambo yake yote, ulikuwa wa kutia kichefuchefu. Kwanza kiu. Alikunywa maji kwenye kibuyu akiinua kichwa kama kuku, nusu ikimwagika kwenye ndevu, akarudisha kibuyu mtungini bila kukipangusa. Halafu ile sauti nyuma ya jikoni ikazidi. Chwaa, na bado sijamaliza kupepeta ungo mmoja, chwaa tena. Halafu nikaona sisimizi. Walikuja kwa mstari kutoka shina la mgomba, wakapanda majani yale yenye unyevu, wakajaa mpaka jani likaonekana linatembea. Watoto wa jirani waliimba, "Katekista anakojoa asali." Mama akawafukuza na mwiko, lakini usiku ule hakula.

Ni mimi niliyemwambia Munganga, yaani enfirmie, muuguzi wa dispensere yetu, kijana aliyenyolewa vizuri, mwenye sauti ya mtu anayesoma. Aliacha kuandika. "Sisimizi? Alete mukojo wake hapa."

Katekista alikataa. "Muntu wa Kanisa hawezi kupita barabarani na mukojo wake mukononi."

"Sasa nani ataupeleka, Papa?"

"Weye Ndoto." Hilo ndilo jina alilonipa, kwa sababu alinikuta mara nyingi nimesimama na jembe nikitazama mawingu. "Si unataka kuwa munganga? Anzia hapo."

Nikaubeba kwenye chupa, kizibo cha jani la ndizi, mkono wangu mbali na mwili kama nimeshika nyoka. Ulikuwa bado na joto. Munganga akatia maji ya buluu kwenye bomba dogo la kioo, akadondosha mukojo kidogo, akawasha moto wa spiriti, akachemsha. Harufu ilipanda ikajaa chumba, harufu ya tamu na ya choo pamoja. Nilifunika pua na kitenge, lakini sikuondoa macho. Buluu ikawa kijani. Kijani ikawa njano. Njano ikawa rangi ya tofali lililochomwa.

"Sukari mingi," Munganga alisema. "Lakini mukojo unatuonyesha tu sukari inayomwagika inje. Namna iko ndani, damu njo inajua." Akaandika karatasi ya kwenda hospitali ya misioni, wakamtoe damu mkononi asubuhi, mbele ya kukula, tumbo likiwa tupu.

Alikuja mwenyewe kumweleza. Katekista alikuwa amekaa mlangoni, anafungua kitenge cha kidole.

"Papa, siku ile usikule kitu. Fanya kama unaenda komunyo. Kwa mambo ya kufunga unanipita."

"Nimefundisha kilima muzima," Katekista alisema, na nzi mmoja akatembea juu ya mdomo wake wa chini bila yeye kumfukuza.

Asubuhi ya siku ile nilikwenda kuazima jembe kwake. Nilimkuta mlangoni na sahani ya viazi vitamu, na kando yake kibuyu cha asali ambayo mkwe wake alimletea kutoka msitu wa Walikale, asali nyeusi yenye vipande vya nyuki. Alichovya kiazi, akala. Alipomaliza viazi akatia kidole ndani ya kibuyu, akakizungusha, akakitoa, akakilamba mpaka kwenye kiwiko, na ulimi ule wa rangi ya tumbako. Nyuki mmoja aliyekufa alibaki kwenye ndevu.

"Papa Katekista, Munganga alisema usikule."

"Alisema kama komunyo. Na komunyo, Padri wenu alisema saa moja. Kutoka hapa mpaka hospitali iko saa moja na kitu. Nitafika nimefunga."

"Lakini weye Jumapili unafunga toka jioni."

Aliniangalia kama mtoto aliyekosea amri ya kwanza. "Ile iko ya Mungu. Sindano siyo Mungu. Kwa sindano, saa moja ya Padri inatosha."

Akafuta mdomo na kitambaa, akachukua fimbo, akaenda. Nikaona amewaza kama mtu aliyesoma. Mimi nilijua nini? Hospitali walimwuliza, "Umefunga?" Akajibu, "Nimefunga," na kwa hesabu yake hakudanganya hata kidogo.

Karatasi ilirudi kwa Munganga na sukari ya juu sana. Munganga akashtuka. Kama damu ya mtu aliyefunga usiku mzima iko hivi, basi ugonjwa ni mkali, na vidonge vya kushusha sukari alivyokuwa amefikiria havitoshi. Akaongeza. Asubuhi na jioni. Katekista alivimeza vikavu, maana alisema dawa siyo chakula na haivunji kitu.

Jumapili ikafika.

Toka Jumamosi jioni hakula. Vidonge alimeza vya jioni, akameza vya asubuhi. Padri alichelewa kama kawaida. Katekista alisimama mbele akiongoza rozari tukingoja, na katikati ya fumbo la tatu akaanza kurudia neno moja. Kisha akacheka. Hatukuwa tumewahi kumwona akicheka. Jasho lilimtoka mpaka kanzu ikamshika mgongo. Akamwita mkuu wa kwaya mbuzi. Akamwambia mama mmoja wa heshima neno ambalo sitaliandika, mama ambaye watoto wake wote Katekista aliwaandaa kwa ubatizo. Akayumba, akashika mimbari, suruali yake ikaanza kulowa, na maji yakashuka mpaka kwenye kidole kile, yakatiririka kwenye sakafu kuelekea benchi ya kwanza.

Benchi ya kwanza ikainua miguu.

"Amelewa," mtu akasema.

"Kasiksi ya ndizi ya jana haijatoka."

"Na ule njo ananusa kinywa cha watoto wetu."

"Mutoeni inje. Mutoeni mbele Padri hajafika."

Nilisikia kinyaa cha kanisa zima kama joto la tanuru. Na mimi nilikuwa nacho, nisijifanye. Lakini kilinipanda kingine pia, kinyaa cha wale waliokuwa wanacheka nyuma ya vitenge, wote ambao alivuta waume wao kutoka mferejini. Nikatoka benchini. Alikuwa ameanguka magotini. Nikainama mbele yake, nikafanya kama alivyotufanyia sisi miaka yote.

"Papa, fungua."

Nikanusa. Tumbako, jino, na njaa. Hakukuwa na kasiksi.

"Hajakunywa!" nilisema. "Hana pombe."

Munganga alikuwa tayari anasukuma watu kutoka nyuma. Alimshika mkono, akagusa jasho lile la baridi. "Sukari. Upesi, kitu cha sukari. Imeshuka, atakufa."

Nikakimbia nyumbani kwake, karibu tu na kanisa, mlango wake usiofungwa. Kibuyu cha asali kilikuwa pale pale. Niliporudi alikuwa amelala ubavu, meno yameumana, macho wazi bila mtu ndani. Munganga alijaribu kumfungua mdomo.

"Hapana," Katekista alisema kupitia meno, sauti ya mbali. "Komunyo bado."

"Papa, utakufa."

"Bado komunyo."

Basi nikachovya kidole changu kwenye asali, nyuki na yote, nikakipitisha kwenye shavu lake, ndani, kati ya shavu na ufizi. Kulikuwa kama kutia mkono kwenye mfereji. Mate mazito, mabaki ya tumbako, lile jino linalocheza. Nikapaka. Nikatoa, nikachovya, nikarudisha. Aliniuma, nikaendelea. Nilikuwa natapika kidogo kidogo na kumeza, na machozi yalinitoka, na Munganga alikuwa anasema, "Njo ivyo, dada, pole pole, asikabwe, njo ivyo."

Macho yakarudiwa na mtu. Akaangalia sakafu iliyolowa. Akaangalia benchi ya kwanza. Akaangalia kidole changu.

"Nani amevunja mufungo wangu?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza.

Tulimpeleka nyumbani. Munganga alikaa kwenye kigoda na kumwuliza moja kwa moja, asubuhi ya damu ulikula ao haukukula. Katekista alieleza habari ya saa moja bila haya, kama anafundisha. Munganga alishika kichwa.

"Papa, sikia. Ule muto wetu wa chini. Mvua ikinyesha huku juu, unajaa, si ivyo? Ukienda saa ile kuuangalia, utasema nini? Utasema muto huu iko mukubwa. Lakini ni mvua unaona. Ukitaka kujua muto wenyewe, unangoja mvua ipite usiku muzima, unaenda asubuhi. Chakula njo mvua. Weye ulitupa mvua ya asali, sisi tukasema muto umejaa, tukakupa dawa ya kukausha muto mukubwa. Halafu Jumapili ukafunga kweli. Muto ukakauka."

Katekista alijifuta asali kwenye ndevu. "Basi sindano inataka kuniona wakati sina kitu."

"Njo ivyo, Papa."

"Ile iko kazi ya Mungu."

"Sindano haikuhukumu. Inataka tu kukujua."

Alirudia kipimo. Safari hii alifunga kama yeye anavyojua kufunga, hata mate alitema. Sukari ilikuwa juu bado, lakini siyo ile ya kwanza, na vidonge vikapunguzwa. Kisha likaja jambo gumu zaidi. Munganga na Padri walimjia pamoja, wakamwambia Jumapili asifunge tena usiku mzima. Ale asubuhi, asali aiache, afunge saa moja tu kama watu wote. Asipofanya hivyo, siku moja hatakuwepo mtu wa kukimbia.

Niliwasikia kupitia matete. Hakupiga kelele. "Mungu anapata saa moja," alisema, "na sindano inapata usiku muzima. Mumepindua dunia." Hakujibu kama atafanya ao hatafanya.

Hakurudi kufundisha. Siyo kwamba Padri alimkataza. Watu walipokutana naye walisogea kando ya njia, na watoto waliigiza kuyumba kwake. Wakati kidole kilipokatwa hospitalini, binti yake akaja kumchukua, akampeleka Walikale kwa mume wake. Majani nyuma ya jikoni yetu yakakauka, mama akayafagia akayachoma. Nilipepeta maharagi katika amani niliyokuwa nimeitamani miaka yote, na nikaona ni kubwa mno kwangu.

Mwaka jana nilipata nafasi katika gari la kubeba mbao nikashuka kwao. Ni nyumba ya ukingoni mwa msitu, giza la kijani, matone siku nzima. Nilimkuta amepungua, nywele nyeupe, fimbo mbili. Kitambaa ni kile kile.

"Ndoto," akasema. "Umekuwa munganga?"

"Bado, Papa. Ninafagia katika dispensere. Wananiachia kuchemsha sindano."

"Basi umefika mulangoni."

Alinionyesha mguu bila mimi kuomba, mahali pa kidole pamefungwa, pakavu. Binti yake alileta chakula, akanong'oneza kwamba muzee anasema anafuata masharti, lakini yeye binti yuko shambani kutwa, na kibuyu cha asali kinaning'inia pale kwenye nguzo, na anaogopa. Nilikitazama. Kilikuwa kizito.

"Kesho wananitoa damu," Katekista alisema. "Toka sasa sikuli tena."

"Na Jumapili, Papa?"

Alinusa tumbako yake, akafuta pua. "Jumapili ninakula kiazi kimoja. Mbele ya misa. Kila mara ninakitafuna ninasikia haya mbele ya Mungu, ninamwambia, weye unanijua tayari, hauhitaji nifunge ili unione. Sindano haijui kitu, maskini, inabidi nimusaidie." Kisha akaniangalia kwa macho yale ya mlangoni mwa kanisa. "Unaniamini?"

"Ndiyo, Papa."

Asubuhi nilisikia chwaa juu ya majani nyuma ya nyumba, kisha fimbo mbili zikishuka njia pamoja na binti yake kuelekea dispensere yao. Nikangoja mpaka zimepotea. Nikazunguka nyumba peke yangu. Majani ya mgomba yalikuwa pale, moja bado linang'aa. Nikachuchumaa, nikaliinua kwa mikono miwili, baridi, linadondoka kwenye vidole vyangu, nikalishika karibu na macho.

Sisimizi walikuwa wanapita kwenye shina, mstari mrefu, na kazi zao. Mmoja akatoka, akapanda kwenye kidole changu, akashuka ukingoni mwa jani, akagusa mkojo. Nikangoja. Akarudi kwa wenzake, akaendelea na safari.